Sindano haikosi: namna ya kuishi na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kwetu Mtwara

Mwanangu alianza kunuka mabibo. Ilikuwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho, mabibo yametapakaa chini ya kila mkorosho, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Nilimgombeza kwamba anakula yaliyochacha. Akaapa hajala. Alikuwa na miaka 7, na kwa wiki 2 alikuwa akinywa maji bila kutosheka. Ndoo tuliyozoea kukaa nayo siku mbili ilikuwa haifiki jioni. Akarudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Zahanati ya kwanza walimpima malaria, haikuonekana, wakampa dawa ya njia ya mkojo. Siku ya tatu akaanza kutapika na kuhema haraka haraka kama mtu aliyekimbizwa. Hospitali walimtoboa kidole, na mashine haikutoa namba. Ilionyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima.

Harufu ile haikuwa ya mabibo. Mwili ukikosa insulini hushindwa kutumia sukari, ukaanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo, tuseme hivyo, ni asidi ziitwazo ketoni. Ndizo zinazonuka mdomoni kama tunda lililochacha. Kama mtoto wako ana kiu isiyoisha, anakojoa sana, anakonda huku anakula na pumzi yake inanuka hivyo, acha kusoma hapa. Mpeleke akapimwe sukari sasa hivi, na uitaje kwa jina: "Naomba apimwe sukari." Kipimo chenyewe ni tone moja la damu.

Haya mengine ni kwa mzazi ambaye mtoto keshapatikana na ugonjwa, karuhusiwa, na sasa amekaa kitandani nyumbani na mfuko wa dawa mapajani hajui aanzie wapi.

Hatua ya kwanza: waeleze wa nyumbani, siku hiyo hiyo

Usisubiri mpaka uelewe kila kitu. Waite wote: baba, bibi, kaka na dada zake, mjomba kama yuko karibu, hata binti wa kazi. Waambie maneno machache: kinga ya mwili wa mtoto imeshambulia kongosho yake, imeua chembe zinazotengeneza insulini, na hazitarudi. Bila sindano ya insulini hawezi kuishi. Kwa sindano atakua, atasoma, ataoa au kuolewa, atazeeka.

Wengine watasema ulimpa pipi sana. Siyo. Aina hii ya kwanza haisababishwi na sukari wala pipi, wala haiambukizi, wala si ya kurogwa. Mimi mwenyewe nilijilaumu miezi mingi kwa chai za asubuhi zenye sukari, na nilimwambia daktari jambo hilo nikiwa ninalia. Akaniambia hata kama ningemlea kwa maji matupu na mboga, ingemjia. Mzazi mwenzangu, lishike hilo, maana lawama hula nguvu utakazozihitaji saa 9 usiku.

Na waganga watakuja. Atatokea shangazi mwenye mzizi, jirani mwenye unga wa mlonge, mtu anayemjua mtu aliyepona. Wapokee kwa adabu. Mlonge ni mboga nzuri, mtoto ale. Ila dawa yoyote inayokuja na sharti la kuacha sindano ikataliwe mlangoni, aliyeileta awe nani. Kabla insulini haijagunduliwa kule Toronto mwaka 1921, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa akisubiri kufa tu. Aliyechomwa kwanza, Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14. Tangu hapo mpaka leo hakijapatikana cha kuishika nafasi yake.

Hatua ya pili: hakikisha insulini ipo na haiharibiki

Kabla hujakimbilia duka la dawa, uliza hospitalini kuhusu kliniki ya kisukari ya watoto. Ipo miradi inayowapatia watoto insulini, mashine ya kupimia sukari na stripu zake (vijiti vinavyopokea tone la damu) bila malipo kupitia kliniki hizo, na wazazi wengi hununua kwa fedha ya korosho kwa sababu tu hawakuuliza. Kwa Mtwara anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Kwa Lindi, Sokoine. Kama uko vijijini, muulize mganga mfawidhi wa kituo chako akuandikie rufaa na akuambie siku za kliniki, usije ukapanda gari ukakuta siyo siku yake.

Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtoto anayetumia yuniti 20 kwa siku angeweza kukaa nayo siku 50, lakini ikishafunguliwa haipaswi kuzidi wiki 4. Kwa hiyo siku ya kuifungua chukua kalamu uandike tarehe kwenye chupa. Na usikubali kamwe kubaki na chupa moja tu ndani. Ukifungua ya mwisho, anza safari ya kutafuta nyingine siku hiyo.

Joto letu ndilo adui. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, yaani ndani ya friji, mbali na sehemu inayogandisha. Inayotumika inavumilia joto la kawaida la chumba, lisipite nyuzi 30, na sote tunajua vyumba vya bati vya huku mwezi wa 11 na wa 12 vinavyokuwa. Wasio na friji, au wenye friji na umeme wa kukatika, watumie mtungi. Fanya hivi: chukua chungu kikubwa, mimina mchanga chini, weka chungu kidogo ndani yake, jaza mchanga pembeni kati ya vyungu viwili, kisha umwagie mchanga maji mpaka ulowe. Chupa ya insulini iingie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, kopo liingie chungu kidogo, juu yake funika kitambaa kibichi. Weka penye kivuli na upepo, mbali na jiko. Ongeza maji asubuhi na jioni. Maji yanapokauka kupitia udongo huchukua joto, ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi. Haufikii friji, hasa siku zenye unyevu mwingi wa pwani, lakini unaikinga insulini inayotumika. Akiba ya miezi haifai kukaa humo. Omba ihifadhiwe kwenye friji ya kituo cha afya, au ya jirani anayeaminika.

Barafu nayo ni hatari. Niliwahi kusafiri kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, nimeilaza chupa moja kwa moja juu ya barafu niliyonunua kwa wauza samaki. Nilidhani ninaihifadhi vizuri. Tulipofika ilikuwa imeganda, na insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Siku 2 nzima nilikuwa ninamchoma mwanangu maji, sukari inapanda, nami nalaumu wali. Ukisafiri, izungushie taulo kwanza, barafu iwe upande wa pili wa taulo. Na mfuko ukae mapajani mwako. Usiuweke kwenye buti la basi wala juu ya injini.

Iangalie kila mara. Insulini angavu, ile iliyo kama maji, ikifanya ukungu, itupe. Ile ambayo kwa kawaida ina ukungu ikifanya mabonge au ikiganda ukutani mwa chupa kama chumvi, itupe.

Hatua ya tatu: jifunze kuchoma, nyie wawili au watatu

Isiwe mama peke yake. Mama ataugua, atafiwa, ataenda shambani Nanyamba akalale huko. Kwetu aliyejifunza haraka alikuwa bibi, ambaye hajui kusoma. Tulimwekea alama ya rangi ya kucha kwenye bomba la sindano, penye yuniti za asubuhi, na alama nyingine kwa za jioni kwenye bomba la pili. Dozi ikibadilika, bomba linabadilishwa na alama mpya inawekwa.

Nawa mikono. Kama insulini ni ya ukungu, iviringishe taratibu kati ya viganja kama mara 20 mpaka iwe rangi moja kama tui, usiitikise. Hakikisha bomba limeandikwa 100 kama chupa ilivyoandikwa 100. Vuta, ondoa mapovu, finya ngozi, choma, sukuma, hesabu hadi 10 ndipo utoe. Ukiambiwa uchanganye aina mbili katika bomba moja, vuta kwanza angavu, kisha ya ukungu. Zile za kawaida zinazotolewa kliniki nyingi huchomwa nusu saa kabla ya kula, kwa hiyo chakula kiwe kinakaribia kuiva, maana ukimchoma kabla hujawasha moto unamtafutia balaa.

Hamisha mahali: tumbo, paja, tako, nyuma ya mkono wa juu. Ukichoma pale pale kila siku hutokea kinundu, na insulini ikiingia kwenye kinundu huenda inapotaka. Akiwa anakwenda kucheza mpira, acha mapaja. Bomba ni lake peke yake. Yaliyokwisha kazi yaingie kwenye dumu gumu lenye kifuniko, likijaa lirudi kliniki.

Kuna jambo linaloua watoto ambalo hatuambiwi kwa sauti ya kutosha. Wiki chache baada ya kuanza sindano, sukari inaweza kushuka vizuri sana, dozi ikapungua mpaka yuniti chache. Ni chembe chache zilizobaki za kongosho zimepata pumziko, zimejikongoja tena. Nyumba nzima hufurahi: amepona! Mganga aliyepita wiki ile huchukua sifa. Nafuu hiyo hudumu wiki au miezi, kisha huisha. Dozi ipunguzwe na daktari, sawa, lakini sindano haikosi hata siku moja.

Hatua ya nne: pima, andika

Daftari la kawaida la shule linatosha: tarehe, saa, sukari, yuniti, alichokula. Lengo la wengi ni kati ya 4 na 10 (mmol/L), daktari atakupa la mwanao. Kama mashine yako inaandika mamia (mg/dL), gawanya kwa 18: 180 ni sawa na 10. Stripu zikiwa nyingi, pima asubuhi, kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Zikiwa chache, usiache ya asubuhi na ya kulala, na bakiza kadhaa za homa na za usiku. Kidole kioshwe kwa maji. Mtoto aliyekula embe akapimwa bila kunawa atakuonyesha sukari ya embe.

Hatua ya tano: sukari ikishuka

Hili kila mtu ajue, hata muuza maandazi wa jirani. Sukari ikipanda unapata saa kadhaa za kutafuta gari. Ikishuka una dakika.

Chini ya 4 ni hatari. Utamwona anatetemeka, jasho linamtoka kwenye kivuli, ananuna bila sababu, anaongea visivyoeleweka, anayumba. Usisubiri kupima kama mashine iko mbali. Vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Mtoto wa chini ya miaka 5, vijiko 2. Dakika 15 kisha pima. Bado chini? Rudia. Ikishapanda, mpe kitu cha kushikilia kama muhogo wa kuchemsha au kipande cha mkate. Korosho au karanga zisitangulie; mafuta yake huchelewesha sukari kuingia.

Usiku mmoja, miezi minne baada ya kugundulika, mwanangu alikakamaa kitandani, macho yamegeuka, povu mdomoni. Mama mkwe alisema degedege, jirani akasema pepo, na mtu alikwisha chukua ubani. Nilimtoboa kidole mikono inatetemeka: 1.9. Mchana ule alikuwa amecheza mpira mpaka Magharibi, na michezo huendelea kushusha sukari usiku kucha. Kwa hiyo mtoto mwenye kisukari akipata "degedege", jambo la kwanza ni sukari. Mlaze ubavu, usimwingize kijiko wala kidole wakati anakakamaa, usimmiminie kinywaji, kitampalia. Kutetemeka kukiisha, pakaza asali kidogo sana au sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu la upande wa chini, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Anayeweza kumeza mwenyewe ndiye anyweshwe.

Siku ya mpira au ya kupanda mikorosho, apate kitu kabla na baada, na wewe utege simu saa 9 usiku upime. Kwenye mfuko wake wa kaptura pasikose sukari iliyofungwa kwenye kijikaratasi cha nailoni.

Hatua ya sita: sufuria ni moja

Usimpikie peke yake. Utamfanya mgeni kwao. Ale ugali, wali, muhogo, ming'oko, yote. Kinachotakiwa ni kipimo na saa, hasa kama anatumia insulini iliyochanganywa ya mara mbili kwa siku: imeshaingia mwilini na itafanya kazi, ale asile. Chagua bakuli moja, liwe ndilo la ugali wake kila siku. Ugali wa muhogo ni wanga mtupu, hivyo lijae mbaazi, kunde, kisamvu, samaki, na ugali upungue. Kidogo saa 4 asubuhi, kidogo kabla ya kulala. Hapo korosho chache za kukaanga na kipande cha muhogo vinafaa sana. Maji ya mabibo, juisi na soda viwe vya dharura. Dafu pia lina sukari, ingawa wengi hulihesabu kama maji.

Shuleni nenda mwenyewe, usitume barua. Mwalimu wa darasa aelewe mambo matatu: aruhusiwe kwenda chooni na kunywa maji wakati wowote, ale saa yake hata katikati ya hesabu, na akisinzia au kuyumba asiadhibiwe bali apewe sukari, tena asiachwe aende nyumbani peke yake. Mwachie pakiti ya sukari kwenye droo.

Hatua ya saba: siku ya homa

Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma. "Hajala, nimchomeje?" Homa yenyewe hupandisha sukari, na mwili unahitaji insulini hata tumbo likiwa tupu. Dozi inaweza kubadilishwa kwa simu na watu wa kliniki, lakini haifutwi. Pima kila saa 3. Sukari ikiwa juu, anywe maji kwa wingi. Ikiwa chini au inashuka, chai yenye sukari kidogo kidogo. Akitapika zaidi ya mara mbili, akihema kwa kasi, tumbo likimuuma au ile harufu ikirudi, ni hospitali, usingoje asubuhi. Malaria ipimwe pia. Kuwa na kisukari hakumkingi na mbu. Na kabla hajawekewa dripu yoyote, sema: huyu ana kisukari, apimwe sukari kwanza.

Hatua ya nane: Ramadhani, na jando

Ramadhani ni fupi kusema. Watoto hutamani kufunga na wenzao, na wengine hufunga kwa siri. Mgonjwa ameruhusiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqara. Mwombe shehe wa mtaani amwambie mtoto hivyo kwa mdomo wake. Likitoka kwake hulipokea. Aamke daku na wenzake, akae futarini na wenzake.

Jando lilinikosesha usingizi kuliko yote. Likizo ilikaribia, wenzake wanajiandaa, na mjomba wake, ambaye kwa mila zetu neno lake ni zito, akaniita: "Dada, mtoto huyu atabaki mvulana mpaka lini?" Sikumkatalia. Nilimwomba aje kliniki nami. Daktari alimweleza kwamba sukari ikiwa juu kidonda hakiponi na huoza, na kwamba mtoto asipochomwa sindano siku mbili kambini anaweza kurudishwa maiti. Mjomba alinyamaza kitambo, akauliza: "Kwa hiyo nifanyeje?" Tukapanga. Kutahiriwa hospitalini, baada ya sukari kukaa vizuri kwa wiki kadhaa. Kidonda kikipona, akajiunga na wenzake kwa mafunzo na nyimbo, na mjomba mwenyewe akalala naye huko. Kwa msichana ni vivyo hivyo: kaa na kungwi mapema, naye ajue saa za sindano na za kula, kwamba hata siku ya kukaa ndani na kunyimwa maneno, hanyimwi chakula wala maji.

Mjomba ajifunze kuchoma wiki mbili kabla, akichoma yeye, wewe unaangalia. Mfuko wake uwe na insulini inayotumika na ya akiba, mabomba, mashine na stripu, nusu kilo ya sukari, asali, chungu chenye mchanga, daftari na kalamu. Kabla hawajaondoka onana na mkuu wa kambi ana kwa ana, umwonyeshe sindano na umtajie saa zake, asije akaizuia akidhani ni uoga. Simu iende na chaji kamili, na namba ya kliniki iandikwe kwa kalamu ndani ya jalada la daftari, kwa sababu kambini chaji huisha.